Hija Iliyopangwa Ndani ya Gari

Ndugu zangu wa jumuiya ya chuo, kaeni. Wa nyuma sogeeni, viti vya mbele havijawahi kumng'ata mtu.

Kulikuwa na kamati moja. Najua mlitegemea niseme kulikuwa na mkulima mmoja, au mchungaji mmoja mwenye kondoo wake. Leo ni kamati. Ilikuwa kamati ya hija ya parokia moja ya nyanda za juu, huko ambako asubuhi ukimwamkia mtu mvuke unatoka mdomoni. Msiniulize ni parokia gani. Nikitaja jina mtaacha kunisikiliza, mtaanza kukumbuka nani ana shangazi huko. Huu ni mfano, na mfano hauna shangazi.

Kamati hiyo ilipewa kazi moja. Paroko alikuwa ametangaza kwamba mwaka ule, kwa mara ya kwanza, parokia itakwenda hija kwa miguu. Kilomita mia na hamsini hadi kanisa lililo juu ya kilima, na wafike kabla ya misa ya Jumapili ya sikukuu. Kazi ya kamati ilikuwa kutafuta mahali pa kulala watu.

Sasa niambieni, hija ya miguu inahitaji nini? Miguu, mtasema. Nakubali. Lakini mguu unatembea leo kwa sababu jana ulilazwa mahali. Usiku mmoja wa kulala kwenye umande na kesho yake hakuna hija, kuna wagonjwa. Kwa hiyo anayepanga malazi ndiye anayepanga hija. Hao wengine wote, wa ngoma, wa nyimbo, wa kushona vitenge vya sare, wanapamba tu.

Kamati ikafanyaje? Ikaazima gari la paroko.

Ndiyo. Walipanda mwenyekiti, katibu wa malazi na dereva, Jumamosi moja, wakaenda kukagua njia ya miguu wakiwa wamekaa. Walipofika kwenye parokia kubwa yenye nyumba ya wageni, walishuka, wakakaribishwa chai na kuku wa kienyeji, wakasifu mapishi, na katibu akaandika kwenye daftari: kituo cha kwanza. Wakapanda tena. Parokia nyingine kubwa, kuku mwingine, kituo cha pili. Hivyo hivyo hadi kituo cha nne, ambacho kilikuwa kilimani kwenyewe. Kati ya kituo na kituo kilomita thelathini na saba, thelathini na tisa. Walizisoma wapi? Kwenye dashibodi. Na mlima mkubwa kuliko yote katika njia ile, katibu wa malazi aliuvuka akiwa amelala, kidevu kifuani, kuku wa watu akimtuliza tumboni.

Jioni walikuwa nyumbani. Wakaripoti kwamba njia ni nzuri, siku nne zinatosha, msafara uondoke Jumanne na ufike Ijumaa, Jumamosi watu waungame na kupumzika. Wakaongeza sharti moja dogo tu: kila hujaji awe mwenye uwezo wa kutembea kilomita arobaini kwa siku. Waumini wakapiga makofi. Nani atapinga sharti lenye namba ndani yake? Namba ina sura ya ukweli hata ikiwa imetoka usingizini.

Katika orodha ya walioomba kwenda, jina la kwanza kabisa lilikuwa la mama mmoja msuka vikapu. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mwembamba tangu utotoni, na alitembea kwa mkongojo. Miaka minne nyuma binti yake alikaa siku tatu na uchungu wa kujifungua, na huyu mama, nje ya mlango wa wodi, alimwambia Mungu: ukinirudishia hawa wawili, nitakuja kukushukuru kwa miguu yangu mwenyewe. Binti akatoka, mtoto akatoka. Miaka minne mama akasubiri kupata watu wa kufuatana nao, kwa kuwa mwanamke haanzi kilomita mia na hamsini peke yake. Tangazo liliposomwa, alikuwa ofisini kabla paroko hajavua joho.

Mnaona kilichokuwa mkononi mwake? Kwa wale wengine sitini waliojiandikisha hija ilikuwa jambo jema. Kwake ilikuwa deni la mdomo wake mbele za Mungu, na alikuwa anazeeka.

Kamati ikamwita. Katibu wa malazi alikuwa mwalimu mstaafu, mtu mpole, na nataka muuone upole wake vizuri, maana upole kama huo ndio unaotumaliza.

"Mama, sisi hatujakukataa," akasema. "Tumekuwekea nafasi kwenye gari la mizigo, pamoja na masufuria. Utafika hata kabla yetu."

"Mwalimu," mama akajibu, "mimi sikumwahidi Mungu kupanda gari."

Mjumbe mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Mwenyekiti akaeleza kwamba msafara ni mwendo mmoja, mmoja akichelewa wote wamechelewa. Mama akasema analijua hilo, na ndiyo maana anaomba kitu kingine. Anaomba atangulie. Wao wanaondoka Jumanne. Yeye aondoke Jumanne ya wiki moja kabla, aende mdogo mdogo, hatamchelewesha mtu. Alichotaka kwao ni barua tu.

Barua hiyo mnaijua. Barua ya utambulisho, yenye sahihi ya paroko na muhuri wa parokia, inayosema huyu ni wetu, mpokeeni. Ukiwa nayo milango ya parokia za watu inafunguka. Usipokuwa nayo, wewe ni mtu yeyote aliyesimama kibarazani na mzigo.

"Barua ni ya msafara," katibu akasema. "Mtu mmoja si msafara. Halafu ukianguka huko njiani, watasema parokia yetu imemtupa mlemavu."

"Kwa hiyo mnaogopa watakachosema."

"Tunakuonea huruma, mama."

"Mwenye huruma angenipa barua."

Wakamkata jina. Kwa rula, mstari mnyoofu, kazi ya mwalimu.

Hapa nasikia mtu anasema moyoni, ngoja dada, uwe mkweli, kamati ilikuwa na hoja. Watu sitini hawawezi kufungwa kwenye mwendo wa mmoja. Naijua hoja hiyo. Nimewahi kusimama jukwaani kuitetea, nikapigiwa makofi, nikashinda. Kwa hiyo sitaipuuza. Nitafanya kitu kibaya zaidi: nitaiacha itembee, tuone inafika wapi.

Jumanne ya wiki moja kabla, mama akaondoka bila barua. Kikapuni alikuwa na shuka, viazi vya kuchemsha, rozari, na kichupa cha mafuta ya kuchua mguu. Siku ile alikwenda kilomita ngapi? Kumi na mbili. Katibu angezitembea kabla ya saa nne asubuhi. Kwa mama ilikuwa kutwa nzima. Jioni akaomba mahali, akalala. Kesho yake kumi na mbili nyingine. Tumwache hapo barabarani na mkongojo wake, turudi kwa wenye uwezo.

Wenye uwezo waliondoka vizuri jamani. Sitini, wamevaa sare, msalaba mbele umebebwa na kijana mlinda mlango wa timu ya parokia, mabega kama kabati. Ngoma, nyimbo, rozari ya kwanza wakaimaliza wakiwa bado wanaona mnara wa kanisa lao. Kufikia saa sita nyimbo zilipungua mashairi, zikabaki viitikio. Kufikia saa nane ngoma ilikuwa inabebwa, haipigwi. Saa tisa wakafika chini ya mlima ambao katibu hakuwahi kuuona.

Katibu akauangalia. Akauliza huu mlima umetokea wapi. Dereva wa paroko, ambaye naye alikuwa anahiji, akamwambia, "Ulikuwepo, mwalimu. Ulikuwa unakoroma."

Waliupanda. Wa kwanza kukaa chini hakuwa bibi wala mama mnene wa kwaya. Alikuwa ni huyo kijana wa mabega, maana msalaba wa mninga hauna mzaha na mtu kwenye mwinuko. Walipofika juu, jua linaelekea kuzama, wakahesabu. Walikuwa wametembea kilomita ishirini na nne. Kituo cha kwanza kilikuwa kilomita kumi na tano mbele, na huko watu wa parokia kubwa walikuwa wameshapika wali wa sitini. Simu hazikamati. Ukungu unashuka. Katibu alikuwa amevua kiatu kimoja, anaangalia kucha ya kidole gumba ambayo ilikuwa imeshaamua kuondoka.

Ndipo wakaona watu.

Barabarani, mahali ambapo kwenye daftari la kamati hapakuwa na jina, wamesimama watu kama ishirini, wanawake kwa wanaume, na madumu ya maji ya moto na mabeseni. Nyuma yao kuna shule ya msingi, madirisha yanatoa mwanga wa taa. Mzee mmoja, balozi wa nyumba kumi za pale, akasogea.

"Karibuni sana," akasema. "Mmechelewa kidogo, makande yameanza kushika chini ya sufuria."

Katibu akasimama na kiatu kimoja. "Samahani, mzee. Mnamsubiri nani?"

"Tunawasubiri ninyi. Si ndio wenzake na yule mama wa mkongojo?"

Ndugu zangu, hapo naomba tusimame nao kidogo.

Watu wote sitini wakamtazama katibu. Balozi akaeleza kwamba yule mama alilala kwake Jumatano ya wiki iliyopita, kwamba alimwambia wenzangu sitini wanakuja nyuma Jumanne, na kwamba yeye mwenyewe akaitisha nyumba kumi zake wakagawana, hawa viazi, hawa maharage, hawa nyasi za kutandika darasani. Sasa anauliza tu ili awe na hakika. Ninyi ndio wenzake?

Mngejibu nini? Ukisema hapana, ni haki, ni kweli kwa mujibu wa orodha, na utalala kwenye ukungu. Ukisema ndiyo, umelala kwenye nyasi kavu na umelitamka kwa mdomo wako neno ulilolikata kwa rula yako.

"Ndiyo," katibu akasema. "Ndio sisi."

Wanasema neno lile lilimpanda kwa taabu kuliko mlima wenyewe.

Wakanawishwa miguu kwa maji ya moto yenye chumvi. Wakala makande. Wakalala. Asubuhi, kabla ya kuondoka, katibu akamwuliza balozi kituo kinachofuata kiko umbali gani, na balozi akasema hajui mambo ya vituo, ila anajua yule mama alisema atalala kwa nani, maana balozi ndiye aliyemwelekeza kwa shemeji yake. Kilomita kumi na mbili mbele. Na huyo shemeji naye lazima alimwelekeza kwa mtu mwingine, kumi na mbili nyingine.

Mnapata picha? Mtu mwenye hatua ndefu anaruka vijiji. Mtu mwenye hatua fupi halali mbali na alikoamkia. Mama yule, kwa sababu hakuweza kwenda mbali, alikuwa amebisha hodi kila baada ya kilomita kumi na mbili, kutoka parokiani hadi kilimani, na kila alipobisha aliacha habari: wenzangu wanakuja. Njia ambayo kamati ilikuwa na sehemu nne za kulala, yeye aliijaza. Ukichoka mapema, kuna nyumba. Ukiwa na nguvu, songa, kuna nyumba nyingine. Siku ya pili kijana wa mabega alivimba goti. Wakamwacha na watu wanne kwenye nyumba ya karibu, wengine wakaenda hadi ya mbele, na siku ya tatu saa nne wakawa wote pamoja tena. Kwa daftari la katibu, kijana yule angelazwa wapi? Kwenye mtaro.

Nawaambia walipokewa. Siku ya pili walilala kwa Walutheri, ambao waliwaimbia wao nyimbo badala ya kuimbiwa. Siku ya tatu mwalimu wa madrasa alikuwa amefagia darasa na kutandaza mikeka, akawaonyesha upande wa wanawake na upande wa wanaume, akasema yule mama alimfundisha binti yake kusuka kikapu cha mfuniko na hajamaliza deni la shukrani. Siku ya nne alikuwa mama muuza ulanzi, ile pombe ya mianzi. Alifunga kilabu jioni ile, akahamisha viti nje, akawalaza wasichana kumi na watano wa chama cha Watoto wa Maria mahali ambapo paroko wao amewakataza hata kupita karibu. Hakuna aliyekufa.

Na ile parokia kubwa, ya kuku? Waliipita siku ya pili saa tano asubuhi, wakala wali wa jana, wakashukuru, wakaendelea. Wenyeji walikuwa wamenuna kidogo, na walikuwa na haki.

Kila jioni swali lilikuwa lile lile, ninyi ndio wenzake? Siku ya pili katibu alijibu haraka kidogo. Siku ya tatu akina mama wa kwaya walijibu kabla hajafungua mdomo. Siku ya nne hawakungoja kuulizwa. Mtangulizi wao alikuwa anafika mlangoni na kusema, hodi, sisi ni wenzake na yule mama. Daftari lenye vituo lilikuwa limeshatumika kuwashia moto wa chai, na aliyelichana karatasi ni katibu mwenyewe. Asubuhi zote alikuwa anauliza swali moja tu: baada ya hapa, alilala wapi?

Kila walipouliza, siku zilikuwa zimepungua. Alipita wiki iliyopita. Alipita juzi ile. Alipita juzi. Jumamosi jioni wakaambiwa, ameondoka hapa leo asubuhi, na mafuta yake ya mguu yamekwisha.

Jumapili wakaamka saa tisa za alfajiri. Hakuna aliyewaamuru. Walipofika chini ya kilima cha hija kulikuwa kumepambazuka, ukungu unapanda kama maziwa yanayochemka, na juu kwenye njia, hatua mia tatu hivi mbele yao, wakauona mgongo. Kitenge cha kawaida, siyo sare. Mkongojo unatangulia, mguu unafuata, mkongojo, mguu.

Kengele ya kwanza ya misa ikalia.

Kijana wa mabega, na goti lake lililofungwa kitambaa, angeweza kumpita. Wote wangeweza. Kilima kile kwa mwendo wao ni nusu saa. Kwa mwendo wa mama ni saa nzima na zaidi. Misa hiyo hapo, mahujaji wa parokia nyingine wanapita pembeni wakikimbilia nafasi za mbele. Mjumbe mmoja, yule aliyecheka siku ile akajifanya anakohoa, akasema tukienda hivi tutakosa injili. Katibu akamjibu bila kugeuka, "Basi wewe nenda. Sisi tuna mtu mbele."

Hakwenda.

Wakamfikia, wakapunguza mwendo, wakapanga mstari nyuma yake. Mama akasikia miguu, nyingi, na mmoja wapo unaburuta. Akauliza bila kutazama nyuma, nani huyo anatembea kama mimi. Wakamwambia ni mwalimu, ana kucha tatu tu mguu wa kulia. Mama akasema pole mwalimu, shika pembeni huku kuna mchanga laini. Basi, hakusema zaidi, maana pumzi aliihitaji.

Watu sitini wakapanda kilima kwa mwendo wa mkongojo. Na sasa sikilizeni jambo ambalo hawakulitegemea: pumzi zao zikarudi. Kwa mwendo ule mtu anaweza kuimba. Siku nzima ya kwanza walikuwa wamekimbizana na kilomita hadi nyimbo zikawakauka kooni, na leo, kwenye mwinuko mkali kuliko yote, ngoma ikashushwa begani, ikapigwa taratibu kufuata mkongojo, na kwaya ikashika sauti zote nne. Waliokuwa wanakimbilia nafasi za mbele wakasimama kando ya njia. Wengine wakaacha kukimbia, wakajiunga nyuma. Walipofika getini hawakuwa tena sitini, walikuwa mia mbili na kitu, wa parokia ambazo hata hazijulikani, wote nyuma ya mwanamke mmoja asiye na sare. Vigelegele vilianzia kwa wauza mishumaa vikaingia hadi ndani ya kanisa, na padre aliyekuwa anaungamisha akatoa kichwa dirishani kuangalia askofu gani amefika.

Injili hawakuikosa. Misa ilichelewa kuanza, kwa sababu watu waliokuwa ndani walitoka nje kutazama.

Mama akaenda mbele ya altare, akaulaza mkongojo sakafuni, akapiga magoti kwa shida, na akalipa alichokuwa amekiahidi. Alisema nini? Hilo ni lake na Mungu wake, hata mimi niliyetunga mfano huu sikusogea karibu.

Ningeweza kuishia hapo, mkapiga makofi tukaenda kula. Mngesema, aah, mama mwenye moyo wa dhahabu, walimkataa naye akawaandalia malazi, tujifunze kusamehe. Mngeondoka mmefarijika, na kesho mngemkata mwingine.

Kwa hiyo sikilizeni kilichosemwa baada ya misa. Walikuwa wamekaa kwenye majani, viatu pembeni, wanakula mihogo. Katibu akasogea, akapiga goti moja kama mtu anavyomsalimu mama yake, akasema, "Mama, tulikukata jina. Kwa nini ulituandalia?"

Mama akamtazama kwa mshangao kidogo. Akamaliza kutafuna.

"Mwalimu, mimi sikuwaandalia ninyi," akasema. "Nilikuwa natafuta pa kulala. Mlango wa kwanza niliobisha waliniuliza, uko peke yako? Nikasema ndiyo. Barua? Sina. Wakanipa maji, wakafunga. Nililala kwenye banda la mbuzi. Mlango wa pili wakaniuliza vile vile, uko peke yako? Nikasema hapana, wenzangu sitini wako nyuma. Wakafungua. Basi nikasema hivyo kila mlango. Mwanamke mmoja kilema kwenye kibaraza ni ombaomba. Mwenye watu nyuma yake ni mgeni."

Katibu akashusha na goti la pili.

"Nilikuwa naogopa kitu kimoja tu," mama akaongeza. "Kwamba mtafika, wawaulize kama ni wenzangu, na mseme hapana."

Haya, sasa ni sisi.

Mnaisikia, au niirudie? Hakuhitaji gari letu. Hakuhitaji huruma yetu, wala nafasi pembeni ya masufuria. Alihitaji watu wa kuwataja mlangoni. Sisi tuliomkata, jina letu ndilo lililomfungulia. Kila jioni, amechoka, mguu umekufa ganzi, alitusema vizuri kwa watu wasiotujua. Alituita wenzake kabla hatujakubali kuwa. Na kama balozi yule asingekuwa na makande, na kama ukungu usingeshuka, tungekubali? Mimi nawauliza, na mimi najiuliza.

Tumezoea kuuliza mtu kama huyu atatuchelewesha kiasi gani. Hebu tuache uongo wa kistaarabu. Swali la kweli ni je, akibisha mahali leo hii na kusema ana watu, watu hao wapo? Mwenzetu aliyeacha chuo muhula uliopita na mimba, ambaye tulimvua ukatibu wa kwaya ndani ya wiki moja na kumfuta kwenye kundi la simu siku hiyo hiyo, huko kwao wakimwuliza jumuiya yako iko wapi, anajibu nini? Kijana wa mwaka wa pili anayetembea kwa magongo, ambaye kila Jumapili anapanda ngazi arobaini na mbili kuja kwenye ukumbi huu kwa sababu sisi tunapenda ukumbi wenye upepo, akisema nina wenzangu, ni kweli au anatusitiri?

Nimeiona fomu ya hija yetu ya mwezi ujao. Ina mstari unaosema mwombaji awe na afya njema na uwezo wa kwenda na kasi ya msafara. Umeandikwa kwa herufi nzuri. Waliouandika ni marafiki zangu, wapole, wote mnawajua, na majina matatu yamekwishakatwa. Gari la kukagua njia limeombwa kwa ajili ya Jumamosi.

Mimi sina chuki na gari. Lakini naleta hoja, na atakayeipinga asimame sasa hivi, nina muda. Hoja yangu ni kwamba mstari ule ufutwe, na wale watatu ndio waende kutafuta malazi. Waende kwa miguu yao, kwa kasi yao, kuanzia wiki inayotangulia, wakiwa na barua yenye muhuri. Kila watakapochoka wabishe hodi. Sisi tutalala watakapolala, na tutakapofika kwenye mlango wowote tukaulizwa sisi ni akina nani, jibu tunalo.

Naona hakuna aliyesimama kupinga. Vizuri.

Kamati inakutana mchana huu kwenye chumba cha chini, kile kisicho na ngazi. Wale watatu wameshafika, nimewaacha hapo na chai. Twendeni kwa wenzetu.